Uchovu, Damu na Ushahidi wa Mwenye Mwili

Mwishoni mwa karne ya 4, katika jangwa la Misri, mtawa aliyeitwa Evagrius Ponticus aliandika kuhusu adui anayewashukia watawa adhuhuri. Jua huonekana limesimama. Mtawa huchungulia dirishani kila mara aone imebaki muda gani kufika saa tisa, saa ya chakula. Kazi ya mikono inamchosha, chumba chake anakichukia, na moyo unamwambia kwamba mahali pengine popote pangemfaa zaidi. Evagrius aliamini kwamba huyo ni pepo, tena mzito kuliko wenzake wote. Karne kadhaa baadaye hali hiyo iliingizwa katika orodha ya dhambi kuu saba, ikahesabiwa kuwa uvivu.

Palladius, mwanafunzi wa Evagrius, ametuachia habari nyingine juu ya mwalimu wake. Tangu alipoingia jangwani hakugusa mboga za majani, wala matunda, wala nyama, hadi tumbo lilipomshinda miaka mingi baadaye akalazimika kula vitu vya kupikwa. Alifariki mwaka 399. Hakuna awezaye kuipima damu yake leo, na si haki kudai kwamba mafundisho yake yote yalizaliwa na njaa. Hata hivyo habari hizo mbili zikiwekwa pamoja zinazua swali ambalo halijazeeka: uchovu usioisha ni jambo la roho au la mwili, na nani mwenye haki ya kuamua?

Siku hizi wanaoulizwa swali hilo ni watu wa maabara. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tuseme mwalimu wa shule ya msingi, anafika kituo cha afya akieleza kwamba analala usiku kucha na kuamka amechoka. Muuguzi anavuta kope la chini la jicho kwa kidole gumba, anatazama kama utando wa ndani ni mwekundu au umepauka, kisha anageuza kiganja akilinganishe na chake. Damu inatolewa katika vichupa viwili: chenye kifuniko cha zambarau ni cha kuhesabu chembe za damu, na chenye kifuniko cha njano au chekundu ni cha feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, na vitamini. Majibu yanarudi yakiwa katika safu nne, yaani jina la kipimo, namba, kizio na kiwango cha kawaida. Namba iliyotoka nje ya kiwango huwekewa herufi au nyota pembeni. Pasipo na alama, daktari husema kila kitu kiko sawa, na mwalimu anarudi nyumbani na uchovu wake, sasa akiwa na mzigo wa pili: uthibitisho wa maandishi kwamba hana sababu ya kuchoka.

Kabla ya kuupokea mzigo huo, inafaa ajue kiwango cha kawaida kinavyopatikana. Mwaka 1969 wanasayansi wawili wa Ufini, Ralph Gräsbeck na Nils-Erik Saris, walipendekeza utaratibu wa thamani za rejea ambao maabara nyingi duniani zinaufuata hadi leo. Wanapimwa watu wanaodhaniwa kuwa wazima, majibu yao yanapangwa kuanzia madogo hadi makubwa, kisha inachukuliwa asilimia 95 ya katikati. Asilimia 2.5 ya chini na 2.5 ya juu zinaachwa nje, hata kama wenye majibu hayo hawaumwi chochote. Kwa hiyo katika kila wazima 20, mmoja atakutwa na alama kwenye kipimo kimoja. Mzima akipimwa vitu 20 visivyotegemeana, uwezekano wa kupata angalau alama moja unafika asilimia 64. Alama peke yake si ugonjwa.

Na kukosekana kwa alama si afya. Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito, hasa kwa wanawake na madini ya chuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 30 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 duniani wana upungufu wa damu. Nchini Tanzania, utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45. Wenye akiba ndogo ya chuma lakini damu bado haijashuka hawamo hata katika hesabu hiyo. Maabara inapokwenda kutafuta wanawake wazima wa kutengenezea kiwango chake, inawatafuta katika jamii hiyohiyo, na waliopungukiwa wakiwa wengi, kiwango kinateremka kuwafuata. Ndiyo maana karatasi za maabara nyingine huanzisha kiwango cha feritini kwa wanawake kwenye 10 au 12, ilhali mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unasema mtu mzima asiye na maambukizi akiwa chini ya mikrogramu 15 kwa lita ana upungufu wa chuma. Mwanamke mwenye 13 ni mzima mbele ya mashine na ni mgonjwa mbele ya mwongozo, siku hiyohiyo, kwa damu ileile.

Georges Canguilhem, Mfaransa aliyesomea falsafa kisha udaktari, aliliona tatizo hili katika tasnifu yake ya 1943. Karne moja kabla yake, Mbelgiji Adolphe Quetelet alikuwa amemchora mtu wa wastani, na kutoka hapo ikawa rahisi kuamini kwamba aliye karibu na wastani ndiye aliye salama. Canguilhem alikataa. Kwake, afya ni uwezo wa kiumbe kustahimili mabadiliko ya mazingira na kujiwekea utaratibu mpya wa kuishi, na idadi ya wanaofanana naye haiongezi wala haipunguzi afya hiyo. Alisisitiza pia jambo ambalo madaktari huwa wepesi kulisahau: tiba ipo kwa sababu wapo watu wanaohisi kwamba wanaumwa. Malalamiko ya mgonjwa ndiyo yaliyoizaa maabara.

Hoja hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama jinsi chuma kinavyokaa mwilini. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma. Sehemu kubwa imo katika himoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, na sehemu nyingine imehifadhiwa, na feritini ndiyo inayotuonyesha ukubwa wa hifadhi hiyo. Himoglobini ni chakula kilichopo mezani na feritini ni ghala: familia inaweza kuendelea kupakua sahani zilezile huku ghala likikaribia kwisha, na mgeni anayetazama meza tu hatajua. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini ya gramu 12 kwa desilita inatosha kumwondoa katika orodha ya wenye upungufu wa damu. Hata namba hiyo inategemea anakoishi, kwa kuwa mwili huongeza himoglobini mahali palipo juu penye hewa hafifu, na Shirika la Afya Duniani linaagiza marekebisho kwa wakazi wa huko. Gramu 12 za Mombasa si gramu 12 za Nairobi, mji ulio karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari.

Je, ghala tupu peke yake linachosha, hata kama meza bado imejaa? Jaribio lililofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2012 liliuliza swali hilohilo. Wanawake 198 waliokuwa bado wanapata hedhi, wenye himoglobini ya kutosha lakini feritini chini ya 50, na wote wakilalamikia uchovu, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa miligramu 80 za chuma kila siku kwa wiki 12, na jingine vidonge visivyo na dawa. Kwa waliopata chuma, alama za uchovu zilishuka kwa karibu asilimia 48. Kwa wengine zilishuka kwa karibu asilimia 29.

Namba zote mbili zinastahili kutazamwa kwa utulivu. Ya kwanza inasema kwamba wanawake ambao karatasi nyingi zingewaita wazima walikuwa wanasema kweli. Ya pili inasema kwamba karibu theluthi moja ya mzigo ilipungua bila chuma chochote, labda kwa kupita kwa muda, labda kwa kupata mtu wa kusikiliza na kufuatilia. Anayetaka uchovu uwe wa damu tupu atakwazwa na ya pili, na anayetaka uwe wa mawazo tupu atakwazwa na ya kwanza. Mwili wa binadamu haukugawanywa kwa mipaka ambayo hoja zetu zinaitaka.

Feritini nayo ina siri yake. Mwili unapopambana na maambukizi, malaria ikiwemo, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini inayofunga milango ya chuma, ili vijidudu visikipate. Chuma kinabaki kimefungiwa ndani ya chembe na feritini inapanda. Mtu anaweza kuwa na 60 na bado akawa hana chuma cha kutumia, na kwa sababu hiyo mwongozo wa 2020 unapandisha mpaka hadi 70 kwa watu wazima wenye maambukizi au uvimbe wa ndani. Anayepimwa siku mbili baada ya homa anaweza kusomewa utajiri asio nao. Ni busara kupima feritini pamoja na kipimo cha uvimbe wa ndani na kiasi cha chuma kilichobebwa na transferini, protini inayokisafirisha katika damu. Kipimo cha chuma cha damu pekee hupanda na kushuka ndani ya siku moja kutegemea saa na mlo, na hakitoshi kumhukumu mtu.

Vitamini D inaleta mtihani wa aina nyingine. Kwanza kuna vizio: baadhi ya maabara huandika nanogramu kwa mililita, nyingine nanomoli kwa lita, na tofauti yake ni mara mbili na nusu. Majibu ya 20 na majibu ya 50 yanaweza kuwa kitu kimoja. Pili, wataalamu wenyewe hawakubaliani. Kamati ya Marekani iliyotoa taarifa yake mwaka 2010 iliona nanogramu 20 zinawatosha karibu watu wote. Mwaka uliofuata, chama cha wataalamu wa homoni cha nchi hiyohiyo kikaweka 30, na mamilioni ya watu wakawa na upungufu bila chochote kubadilika mwilini mwao. Mwaka 2024 chama hicho kikaacha kuitetea namba hiyo. Katikati ya mvutano huo, mwaka 2012, ulichapishwa utafiti uliofanyika Tanzania kwa Wamasai wafugaji na Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya: wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, zaidi ya mara mbili ya kile ambacho kamati ya 2010 iliridhika nacho. Haijulikani kutokana na hilo kwamba sote tunahitaji 115. Linaloonekana ni kwamba aliyeketi ofisini tangu asubuhi hadi jioni na mchungaji wa ng'ombe anayeshinda juani hawawezi kupewa wastani mmoja na kuambiwa ndio ubinadamu.

Kuhusu vitamini B12, kosa la kupuuza lina gharama kubwa zaidi. Hadi miaka ya 1920 kulikuwa na aina ya upungufu wa damu iliyowamaliza wagonjwa polepole, kwanza kwa uchovu, mwisho kwa kifo. Mwaka 1926 madaktari wa Boston, George Minot na William Murphy, walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini kwa wingi kila siku walipona, nao wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1934 pamoja na George Whipple. Vitamini yenyewe ilitengwa mwaka 1948. Leo inajulikana kwamba ganzi ya miguu na usahaulifu vinaweza kutangulia upungufu wa damu, na kwamba vidonge vya asidi ya foliki vinaweza kuirekebisha damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Anayetumia metfomini kwa kisukari miaka mingi, au asiyekula kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, anapaswa kulisema hilo waziwazi. Kati ya pikogramu 200 na 300 kwa mililita kuna eneo la mashaka ambapo namba peke yake haitoi jibu.

Mashaka ndiyo yanayorudisha suala hili mikononi mwa falsafa. Namba ikisita, kinachobaki ni neno la mgonjwa, na neno la mgonjwa halina uzito sawa kwa kila mtu. Mwanafalsafa wa Uingereza Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, alieleza dhuluma anayotendewa mtu pale ushahidi wake unaposhushwa thamani kwa sababu ya jinsi wasikilizaji wanavyomwona, kwa jinsia yake, rangi yake au hali yake. Mwaka 2014 Havi Carel na Ian James Kidd waliipeleka hoja hiyo hospitalini. Mchovu yumo hatarini kwa namna ya pekee: hana jeraha la kuonyesha wala homa ya kupima. Mwanamke akisema amechoka, jirani atamwambia kila mama amechoka. Kijana akisema hivyo, ataambiwa aache simu usiku. Huenda ni kweli, lakini aliyesema hivyo hajauliza hedhi inachukua siku ngapi, wala kama kijana anakula udongo kwa siri, dalili inayoambatana mara nyingi na upungufu wa chuma.

Wanazuoni wa dini walilijadili jambo hili kabla hakujawa na maabara. Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na 185, inamruhusu mgonjwa na msafiri kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine. Mara likaja swali: nani anathibitisha ugonjwa? Mafaqihi wa Kihanafi waliweka njia za kufikia dhana yenye nguvu, nazo ni dalili zinazoonekana, kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu, na uzoefu wa mgonjwa mwenyewe. Hilo la mwisho lina thamani kubwa. Mtu anayejua kwamba kila akifunga anaanguka amehesabiwa kuwa shahidi juu ya mwili wake, katika jambo la ibada, ambamo udanganyifu ungekuwa rahisi kuliko popote. Kama sheria ya dini ilimwamini mbele ya Mungu, ni vigumu kuona kwa nini chumba cha daktari kisimwamini mbele ya karatasi. Na Sura ya Luqman, aya ya 14, inautaja udhaifu unaozidi wa mama mwenye mimba kama sababu ya mwanadamu kuwashukuru wazazi wake. Mimba moja humtaka mama gramu nzima ya chuma.

Katika Biblia, Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19, nabii Eliya anamkimbia Yezebeli, anaingia nyikani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Msomaji wa Evagrius angetegemea karipio. Malaika anamgusa, anampa mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, anamwacha alale, kisha anamwamsha ale tena kwa kuwa safari ni ndefu. Maswali ya Mungu kwa Eliya yanakuja baadaye, Horebu, baada ya chakula na usingizi. Mpangilio huo wa mambo ni mafundisho tosha: mahubiri juu ya uvivu yanaweza kungoja hadi mwili upate haki yake.

Hata hivyo kumwamini mchovu si kumkabidhi vidonge vya kuongeza damu na kumuaga mlangoni. Ushahidi mchungu wa jambo hilo ulipatikana Pemba. Watoto wapatao 24,000 wa umri wa mwezi 1 hadi 35 waliingizwa katika utafiti, wengine wakipewa chuma na asidi ya foliki kila siku bila kupimwa kwanza nani amepungukiwa. Mwaka 2003 utoaji wa chuma ulisimamishwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliopewa chuma walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kulazwa, katika kisiwa kilichokuwa na malaria nyingi. Ndani ya utafiti huohuo, kundi dogo lililopimwa damu na kufuatiliwa kwa karibu lilitoa jibu tofauti: watoto waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Dawa ilikuwa moja na kisiwa kilikuwa kimoja. Kilichotenganisha faida na madhara ni kumjua mtoto aliye mbele yako. Baada ya hapo Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake, likataka chuma katika maeneo ya malaria kiende pamoja na kinga, upimaji na tiba ya malaria.

Wala upungufu ukithibitishwa kazi haijaisha, kwa sababu chuma hupotea kwa njia fulani. Mwanamume mwenye feritini ndogo, au mwanamke aliyekoma hedhi, anapaswa kuchunguzwa kama anavuja damu tumboni, na mkulima anayelima peku apimwe minyoo ya safura. Chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula huzuia chuma cha maharage na mchicha kufyonzwa. Ikinywewa saa moja au mbili baadaye, na ndimu ikakamuliwa kwenye mboga, chuma kinachoingia huongezeka.

Linabaki kundi gumu kuliko yote, la wale ambao feritini yao ni nzuri, B12 ni nzuri, vitamini D haina neno, na bado hawawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Tezi ya shingo, sukari, virusi vya ukimwi, kifua kikuu, usingizi unaokatika kwa kukoroma, sonona, msiba usioliliwa, kazi ya nyumbani inayoisha saa sita usiku: vyote hivyo vinachosha, na vingine havitaonekana kwenye kichupa chochote. Mbele ya mtu huyo daktari ana kalamu na uchaguzi wa kimaadili. Akiandika kwamba mgonjwa hana tatizo, ametoa hukumu ambayo vipimo vyake havikumpa. Akiandika kwamba mgonjwa amechoka na chanzo hakijajulikana, ameandika ukweli, na anapaswa kuongeza chini yake tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, kipimo kitakachorudiwa siku isiyo na homa, pamoja na maswali ambayo safari ya kwanza hayakuulizwa: usingizi, hedhi, chakula, dawa anazotumia, na nani anamsaidia kazi nyumbani.